Mita ya mkononi ya maji ya mto: nimeitumia miezi 14

Ni mita ndogo kama tochi, inapima tindikali (pH), joto na upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyozidi. Niliinunua kwa sababu nilichoka na mabishano ya kamati yetu ya watumia maji. Wa chini walidai wa juu wanauchafua mto, wa juu wakajibu kuwa mto uko hivyo tangu zamani, na hakuna aliyekuwa na namba.

Kila Jumamosi asubuhi napima sehemu tatu: juu ya banio la mfereji, yaani pale maji ya mto yanapochepushwa kwenda mashambani, chini yake, na chini ya bomba la majitaka. Siku ya kwanza upitishaji umeme ulikuwa maikrosimensi 180, 185, kisha 640. Mzee mmoja wa kamati hakuamini. Alichovya mwenyewe mara tatu, akaikausha kwa ncha ya shati, akanirudishia bila neno.

Kwa kazi hiyo mita ni nzuri. Unachovya, unahesabu hadi ishirini, namba inatulia. Inajirekebisha yenyewe kwa joto la nyuzi 25, na hilo si urembo: kila nyuzi moja husogeza kipimo kwa karibu asilimia 2, hivyo asubuhi ya baridi ingenidanganya kwamba mto umepona. Kila mwezi naihakiki kwa kimiminika maalumu ambacho kipimo chake kinajulikana, maikrosimensi 1413, haijanisumbua.

Tindikali ndiyo iliyoniudhi. Kijitabu kinasema tu kihisi kitunzwe kikiwa na unyevu. Nikakitia kwenye maji yaliyokenekwa, nikijiona mwangalifu kweli. Kumbe maji hayo huinyonya chumvi ya ndani ya kihisi. Kinachotakiwa ni mmumunyo wa kloridi ya potasiamu. Mwezi wa nne namba zikaanza kutambaa, 7.1, 6.8, 6.6, hazisimami. Na kihisi chenyewe hakibadilishwi. Watengenezaji wangeongeza sentensi moja tu.

Tena matope haiyaoni. Mvua ikinyesha mto unakuwa mwekundu wa udongo, lakini namba inashuka, maana mvua imezimua chumvi. Kwa matope natumia bomba la plastiki angavu lenye alama nyeusi na nyeupe kitakoni: unalijaza, unapunguza maji mpaka alama ionekane, unasoma sentimita. Halina betri wala kijitabu.

Kiangazi ndipo nilipojua kuwa mita peke yake haitoshi. Mfereji ulipofunguliwa wote, ile 640 ilipanda hadi 900. Bomba ni lile lile, ila maji ya kuzimua yalikuwa yameishia mashambani kwetu. Yaani banio halichafui maji, na bado lina mkono wake katika uchafu ule. (Kamati haikufurahi kusikia hivyo, hasa sisi wa juu.)

Tangu hapo mkoba wa mita una futi kamba, saa na chupa iliyojazwa nusu. Chupa inaelea mita 10 nikihesabu sekunde. Kasi naizidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu huwahi kuliko ya chini, kisha kwa upana na kina cha wastani. Napata maji yanayopita kila sekunde, naandika kando ya namba ya mita.

Ningenunua tena, lakini ile isiyo na tindikali.