Kadi ipi ya grafiki uifunge kwenye kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini

Wengi wanaotaka kucheza gemu kwa bajeti ndogo huanzia palepale: Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne hadi cha nane. Ni mashine imara. Inachokosa ni kadi ya grafiki, na hapo ndipo pesa za watu hupotea, kwa sababu kadi zenye jina moja hazifanyi kazi sawa, na kadi nzuri kuliko zote dukani inaweza isiwake kabisa kwenye mashine yako.

Anza na pawa saplai. Fungua kifuniko, soma wati zilizoandikwa ubavuni, kisha tafuta waya wenye kichwa cha pini 6 au 8 ambao haujachomekwa popote. Mashine nyingi za ofisini hazina waya huo. Maana yake kadi itategemea umeme wa sloti ya PCIe (tundu la ubao mama kadi inapochomekwa) peke yake, na sloti hiyo mwisho wake ni wati 75. Fundi akikwambia atakuunganishia kadi ya wati 130 kwa adapta inayovuta umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski, kataa. Plagi ile haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Inaweza kuyeyuka na hata kuwaka moto. Kubadilisha pawa saplai nzima nako kuna kazi, maana HP na Dell nyingi zina plagi zao wenyewe kwenye ubao mama badala ya ile ya kawaida ya pini 24.

Kama waya huna, chaguo langu la kwanza ni RTX 3050 ya NVIDIA yenye memori ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70, haihitaji waya wa ziada, na ina DLSS, ambayo huongeza kasi kwenye gemu zinazoikubali. Kuna gemu mpya zinazokataa kuwaka kwenye kadi isiyo na vifaa vya ray tracing, yaani vya kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri kwenye picha. Hii inavyo, GTX zote hazina. Lakini hapa fungua macho. RTX 3050 ya mwanzo, ya GB 8, ilitoka 2022, ina kori (vipande vidogo vya kukokotoa) 2560 dhidi ya 2304 za ndogo yake, na inahitaji wati 130 pamoja na waya. Muuzaji akisema, “Bosi, 3050 ni 3050 tu,” mwombe aigeuze uone kama ina tundu la waya. Ya GB 8 ina kasi zaidi, ila kwako haitawaka.

Ya pili ni GTX 1650 ya GB 4, ya 2019. Kwa gemu kama Valorant, Counter-Strike 2 au GTA V kwa 1080p, inatosha kabisa. Zipo zenye memori ya GDDR5 na zenye GDDR6; kama bei inakaribiana, chukua GDDR6. Hakikisha tu hiyo unayopewa haina tundu la pini 6, kwa sababu baadhi ya kampuni ziliweka.

RX 6400 ya AMD naiweka ya tatu, na sababu yake watu wengi hawaambiwi. Inakula wati 53 tu, jambo zuri, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe kupitisha data. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 hilo halisumbui sana. Core i5 za kizazi cha nne hadi cha nane zote ni PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, na huko kadi hii hupungua kasi waziwazi, hasa memori yake ya GB 4 inapojaa. Pia haina kifaa cha kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu zake YouTube aiache. Naiona inafaa kwa wenye kasha jembamba la SFF, na hata hao watafute kwanza 3050 au 1650 ya kimo kifupi.

GTX 1050 Ti ningeiacha. Ni ya 2016, na mwaka 2025 NVIDIA ilisimamisha draiva (programu zinazoiendesha kadi) mpya za gemu kwa kizazi chake. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama.

Wenye pawa saplai ya kawaida, ya kuaminika, ya wati 450 na kuendelea, kwao sina mjadala mrefu: RX 6600. GB 8, wati 132, waya mmoja wa pini 8, na inaipita hata 3050 kubwa kwa mbali. Ikikosekana, GTX 1660 Super. RX 580 ningeiepuka: hula wati 185, na nyingi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana hadi uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022. Tena kuna RX 580 iitwayo 2048SP, ambayo kwa hesabu ya kori ni RX 570 iliyobadilishwa jina.

Kadi ya mtumba usiilipie kabla hujaiona ikifanya kazi. Washa GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha taarifa za kadi. Chipu ikiwa ya zamani iliyobandikwa jina jipya, mara nyingi itaandika FAKE mbele ya jina. Kisha endesha FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, kwa dakika 15, uangalie joto na usikilize feni. Na kama monita yako ni ya VGA, nunua kabisa kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kwa sababu kadi zote nilizozipendekeza hapa hazitoi VGA.