CZ Shadow 2 katika kitengo cha Production

Kwa mpiga shabaha anayeingia mashindano ya IPSC (upigaji shabaha wa vitendo, unaopima kasi na usahihi), napendekeza kwa moyo wote bastola ya CZ Shadow 2 katika kitengo cha Production, yaani cha bastola za kiwandani zenye marekebisho machache, kwani uzito wake wa takriban kilo 1.3, mwingi ukiwa chuma, huzuia bastola isiruke mkononi baada ya kila risasi. Magazini huanza na risasi zisizozidi 15, na alama zote huhesabiwa kwa kiwango cha Minor, yaani cha risasi zenye nguvu ndogo: eneo C, lililo nje ya eneo la katikati la shabaha, hulipa alama 3, si 4 kama kiwango cha Major cha risasi zenye nguvu kubwa, hivyo usahihi ndio mtaji. Ugumu upo kwenye risasi ya kwanza, inayofyatuliwa nyundo ikiwa imelala, kwa mvuto mrefu na mzito wa triga. Hiyo hudai mazoezi ya kila siku, chemba ikiwa tupu. Anayetaka kulenga kwa kioo chenye nukta nyekundu achague kitengo kinachokiruhusu, Production Optics.