UPS, Ethi na Radi: Uzoefu Wangu wa Kulinda Kompyuta za Steshenari Tanga

Nimeitumia UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, ya VA 1,000 (VA ni kipimo cha uwezo wake), katika steshenari yetu ya Ngamiani, Tanga, katika masika na katika vuli, na ninaridhika kwamba inastahili bei yake, ila kwa sharti ambalo wauzaji hawalitaji: jengo liwe na ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliozidi ardhini, inayofanya kazi.

Kazi yetu ni kuchapa mitihani ya shule, kadi za harusi na barua za maombi ya kazi, kwa hiyo kompyuta ikizimika ghafla, anayeumia kwanza ni mteja aliyekaa kwenye benchi akisubiri karatasi zake. Umeme wetu unapaswa kuwa wa volti 230, lakini jioni hupungua hadi feni ikazunguka kwa uvivu, na ukikatika hurudi kwa kishindo. Huko kurudi ndiko kunakounguza pawa saplai. UPS hii ina stebilaiza ndani yake, hivyo umeme ukipungua kiasi huupandisha, ukizidi kiasi huushusha, bila kuitumia betri, na kinachosikika ni mlio mdogo tu. Ukikatika kabisa, betri huubeba mzigo mara moja. Kwa kompyuta mbili za mezani na ruta, tunapata dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayetaka kuendelea na kazi saa nzima atafute inveta yenye betri kubwa. Printa ya leza na mashine ya fotokopi hatuzichomeki humo, kwa sababu zinapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na VA 1,000 za UPS yetu ni wati 600 tu.

Sasa nije kwenye ethi, ambayo ningependa kila mwenye ofisi ndogo aifahamu. Ndani ya UPS, na hata katika ekstensheni zenye kinga, kuna kipande kiitwacho varista, ambacho umeme ukipanda kupita kiasi huufungulia njia ya pembeni, na sehemu kubwa ya njia hiyo huishia ardhini. Waya wa ethi ukiwa umekatika, kinga hiyo hubaki nusu, hata kama soketi ina matundu matatu yanayopendeza macho. Fundi tuliyemwita kufunga UPS alikataa kuiwasha kabla hajapima ethi, na ninamshukuru kwa msimamo huo. Aliukuta waya umeliwa na kutu pale unapoungana na fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini nje ya ukuta, jambo linalotarajiwa mahali ambapo upepo wa chumvi haukomi. Kupigilia fimbo mpya kulikuwa kazi, kwa kuwa chini ya udongo wetu kuna mwamba wa chokaa, jamaa wa ule wa Mapango ya Amboni. Ilimlazimu kuweka fimbo mbili mahali tofauti na kuziunganisha, ndipo kipimo cha ukinzani wa ethi kikashuka chini ya ohmu 10. Kisha akafunga kinga ya pili kando ya swichi kuu, ili umeme mkali upunguzwe kabla haujafika kwenye soketi. Malipo ya kazi hiyo yalikaribia bei ya UPS yenyewe, na ningelipa tena bila kusita.

Hata hivyo, radi ni jambo jingine. Pigo moja la kawaida hufikia takribani ampea 30,000, na hakuna UPS ya dukani itakayolihimili likianguka juu ya paa au kwenye nguzo ya jirani. Kinga yake ni kuchomoa, na kuchomoa kuwe kamili: waya wa umeme pamoja na kebo ya intaneti inayoshuka kutoka kwenye antena ya paani. Jirani yetu alichomoa waya wa umeme peke yake, radi ikapita kwenye kebo hiyo na kuunguza kompyuta pamoja na ruta. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, sisi tulifuata tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, tukachomoa kila kitu mapema na kuhamishia kazi za wateja kwenye diski ya nje iliyowekwa kabatini. Kuchomoa kufanyike kabla ngurumo hazijakaribia, kwa sababu kushika nyaya radi ikiwa juu yenu ni hatari kwa maisha.

Lawama yangu kwa kifaa chenyewe ni juu ya betri. Ni ya madini ya risasi, ya volti 12, na joto huidhoofisha haraka: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Iwekeni mbali na dirisha la jua na msiizibe matundu ya hewa. Kabla ya kununua, ulizeni kama betri hubadilishwa kwa kufungua kifuniko tu, au ni lazima UPS nzima ipelekwe kwa fundi. Yetu ni ya aina ya pili, na wakati wa kuibadilisha kompyuta hubaki bila ulinzi.