Umbea wa Yopougon: uzoefu wangu na vitabu vya Aya

Kwa wasio na muda wa kusoma maelezo marefu: vitabu hivi vinunuliwe. Ila kama unatafuta katuni za watu wanaoruka angani, au unataka mtu auawe ukurasa wa kwanza, hapa utachoka mapema. Humu kuna wasichana watatu, wazazi wao, majirani, bia, mimba moja ya shida, na wanaume waongo kuliko unavyoweza kuwavumilia kwa siku moja.

Ni mfululizo wa katuni wa Aya, hadithi imeandikwa na Marguerite Abouet wa Côte d'Ivoire na michoro ni ya Mfaransa Clément Oubrerie. Kitabu cha kwanza kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2005, na mwaka 2006 kikapata tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha la katuni la Angoulême. Mimi Kifaransa kinanipita mbali, kwa hiyo nimesoma toleo la Kiingereza la Drawn & Quarterly, wachapishaji wa Montreal. Dada yangu anaishi hukohuko Canada, akanibebea alipokuja likizo. Juzuu sita za mwanzo wamezifunga kuwa vitabu viwili vinene: Aya: Life in Yop City na Aya: Love in Yop City.

Tuko Yopougon, mtaa wa watu wa kawaida mjini Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya ana miaka 19 na anataka kuwa daktari. Hataki kuishia kusuka, kushona na kusaka mume. Rafiki zake Adjoua na Bintou hawana tatizo na mambo hayo matatu, hasa la tatu. Baba yake Aya, mzee Ignace, ni mfanyakazi wa kampuni ya bia, na anaona akili ya kweli ni binti yake kuolewa na Moussa, mtoto wa bosi. Moussa mwenyewe ni mzigo. Basi Adjoua anapata mimba, kidole kinaelekezwa kwa Moussa, ndoa inafungwa mbiombio, halafu mtoto anazaliwa na kila mtu anamtazama usoni bila kusema neno. Sisi wa uswahilini tunajua mtu anaposemwa kuwa amebambikiwa. Nisiwaharibie zaidi ya hapo.

Kilichonishika kwanza ni jinsi maneno yanavyotembea. Abouet haelezi. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia huyu ni mchoyo, yule ni mbea. Mama anaingia, anakaa, anaulizwa habari za nyumbani, na kwa namna anavyojibu unajua amekuja na jambo. Vikao vya wazee vya kusuluhisha mambo vimeandikwa vizuri ajabu: kila mmoja na methali yake, kila mmoja amekuja kutetea heshima ya familia yake, na kijana mwenye kesi yuko pembeni kama kikombe kilichosahaulika. Kuna kurasa nilicheka mpaka mama akauliza kutoka chumbani kama niko mzima.

Halafu, katikati ya kicheko, anakuchoma. Bintou anakutana na Grégoire, kijana aliyerudi kutoka Paris na pesa za kumwaga, wanaenda hoteli kubwa, wanakunywa vya bei. Kila mtaa wa Dar una Grégoire wake, na mnajua hadithi ya mtu wa majuu mwenye suti moja inavyokwisha. Mzee Ignace naye ana nyumba ndogo: mwanamke ni katibu muhtasi wake, na siku moja anatokea mlangoni kwa mke mkubwa na watoto wawili mkononi. Ukurasa ule niliusoma nimesimama. Mama yake Aya hapigi kelele kama ungetarajia, na Oubrerie amemchorea uso ambao sijauona kwenye katuni nyingine yoyote.

Na kuna ile habari ya chuo kikuu. Aya, yule mwenye akili, yule tuliyekuwa tunamtegemea, anafika chuoni na kumkuta profesa anayetaka mwili wake ndipo ampe alama. Kwetu hii ina jina, rushwa ya ngono, na TAKUKURU wanaitangaza kwa jina hilohilo. Abouet haimalizi kwa ukurasa mmoja wala haigeuzi kuwa semina. Anaiacha ikae na Aya nyumbani, kwenye chakula, kwenye mazungumzo na wenzake ambayo yeye hachangii. Nina ndugu aliyepitia jambo la namna hiyo chuoni kwake. Nilimpa kitabu cha pili bila kumwambia kuna nini ndani. Alikaa nacho muda mrefu, akanirudishia na kuniuliza kama mwandishi ni mwanamke.

Sasa nije kwa mwandishi, maana kusema kweli ndiye aliyenifanya niandike haya.

Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971. Akiwa na miaka 12 alipelekwa Ufaransa pamoja na kaka yake, kwa mjomba wa familia, wakasome. Kitabu cha kwanza cha Aya kilipotoka alikuwa msaidizi kwenye ofisi ya sheria. Maelezo yake ya nyuma ya kitabu, toleo la mwanzo la Kiingereza, yalisema anaandika riwaya ambazo bado hajamwonyesha mchapishaji yeyote. Mimi ni karani wa ofisi ya mawakili Kariakoo. Mchana kutwa nachapa hati za viapo, mikataba ya kupangisha fremu na barua za kudai madeni. Sina haja ya kueleza maneno yale yalinipiga wapi.

Lakini kuna hesabu niliyoifanya baadaye ambayo imenifaa kuliko hiyo habari ya ofisi. Aya ana miaka 19 mwaka 1978. Abouet mwaka huo alikuwa na miaka saba. Yaani haandiki ujana wake. Anaandika alichokiona na kukisikia akiwa mtoto, yule mtoto anayetumwa chumvi dukani na kurudi kabla mazungumzo hayajaisha, yule ambaye wakubwa wanasema mbele yake wakidhani haelewi. Ndiyo maana siri za watu wazima zimejaa humu, na ndiyo maana hamhukumu mtu. Mtoto hasikilizi ili ahukumu, anasikiliza kwa sababu ni tamu. Na kwa kuwa aliondoka akiwa na miaka 12, mtaa wake umebaki palepale, haukuchakaa.

Amewahi kueleza kwamba alichoshwa na kuona bara letu likitajwa kwa vita, njaa na magonjwa tu. Wengi husema hivyo, halafu wanatuandikia hadithi ya watu wanaotabasamu kama tangazo la benki. Yeye hakufanya hivyo. Yopougon yake ina wivu, ina umaskini, ina Innocent, msusi anayempenda mwanaume mwenzake na hawezi kusema hadharani, anayekimbilia Paris akidhani kule mambo ni mepesi na kukuta baridi na watu wanaolala barabarani. Na juu ya yote kuna neema ambayo msomaji anajua haitadumu: kakao na kahawa zilikuwa na bei, rais wao Houphouët-Boigny alikuwa madarakani tangu uhuru wa 1960, vijana walijiona wameshafika. Mwaka huohuo wa 1978 Amin alivamia Kagera. Mama yangu anapotazama picha za wale wasichana wakicheza muziki usiku anasema tu, wenzetu walifaidi.

Nimekua na magazeti ya katuni, kama watu wengi wa rika langu. Sani ilipokelewa nyumbani kwa kugombaniwa, na Ndumilakuwili nilimjua kabla sijajua kusoma vizuri. Lakini siku zote niliamini katuni ni kazi ya anayejua kuchora. Mimi nikichora mbuzi, watu wanauliza ni meza ya nani. Kwa Abouet nikaona kazi imegawanywa: yeye anaandika nani yuko wapi, nani anasema nini, nani ananyamaza, kisha Oubrerie anachora. Hapo nikaanza kukumbuka bombani kwetu Tandika, foleni ya ndoo, na wakina mama waliokuwa wakiongea mambo ya ndoa zao huku sisi watoto tukijifanya tunacheza rede. Nilikuwa nimekalia mtaji miaka yote hiyo.

Nikaanza kuandika jioni, kwenye karatasi za ofisi zilizochapwa upande mmoja. Kuna kijana jirani anachora mabango ya saluni na vinyozi, ana mkono mzuri sana, nikampelekea kurasa za mwanzo. Akazisoma zote palepale, akakuna kichwa, akasema, "Dada, maneno yamejaa ukurasa mzima. Mimi nichore wapi?" Nikarudi kwa Aya na kuanza kuangalia kitu ambacho msomaji wa kawaida hana sababu ya kukiangalia: watu wanaongea kidogo kiasi gani kwenye kila kisanduku. Mara nyingi ni sentensi moja au mbili, halafu kisanduku kizima cha mtu anayetazama tu. Yule mama mwenye jambo haongei mpaka amalize maji aliyopewa. Sasa nakata. Kijana naye amenifundisha kuandika "usiku" au "mchana" juu ya kila tukio, maana rangi anaanza nazo mapema.

Tukizungumzia rangi, kuna ukurasa ambao ni njano na chungwa tupu, jua la saa nane, na ukifungua unaofuata umeingia kwenye buluu ya usiku kule sokoni ambako wapenzi hukutana gizani. Kwa sababu hiyo msinunue nakala ya kusoma kwenye simu. Nilijaribu moja, maandishi yanakuwa madogo mno, ukikuza unapoteza picha. Tafuta karatasi.

Kasoro zipo. Watu ni wengi mno, na kitabu cha pili kinaongeza wengine. Kuna ukurasa wa familia mwanzoni, uwekee alama, utaurudia. Baadhi ya visa vya kitabu cha pili vinakatwa pale vinapokolea, unahamishwa Paris, unarudishwa Abidjan, na nilijikuta naruka kurasa za mtu mmoja ili nijue yaliyompata mwingine. Mambo ya chumbani hayakuchorwa waziwazi lakini yametajwa bila kuficha, kwa hiyo si kitabu cha kumwachia mtoto wa darasa la tano.

Kwa mtoto huyo kuna Akissi, mfululizo mwingine wa Abouet aliouandika na mchoraji Mathieu Sapin. Akissi ni mtoto mtukutu wa mtaani, ana kaka anaitwa Fofana na nyani mdogo anaitwa Boubou ambaye nusura akaangwe. Kuna kisa cha minyoo ambacho mpwa wangu anakisimulia kila mgeni akija, hasa wakati wa kula. Ukimsoma Akissi baada ya Aya unaona wazi kwamba huyu ndiye yule mtoto aliyekuwa anasikiliza.

Filamu ya Aya ipo pia, ilitoka 2013, Abouet na Oubrerie waliiongoza wenyewe. Niliiona ni nzuri kwa macho lakini inakimbia, na utamu wa hadithi hii ni watu kukaa. Kitu kingine ninachompendea ni kwamba mafanikio hayakumfanya awasahau wasomaji wa nyumbani. Alianzisha chama cha Des livres pour tous kwa ajili ya kufungua maktaba kwa watoto mitaani Abidjan. Na baada ya Aya kukaa kimya tangu juzuu ya sita mwaka 2010, alimrudisha mwaka 2022. Juzuu hiyo mpya kwa Kiingereza inaitwa Aya: Claws Come Out. Ninayo, ila sijaifungua, nasubiri mama amalize ya pili maana anataka tusome pamoja.

Mwisho wa kila juzuu kuna nyongeza ndogo: jinsi ya kufunga kitenge, mapishi, maelezo ya maneno ya mtaani. Kinywaji chao cha tangawizi nilikitengeneza, kikatoka kizuri, ila punguzeni sukari. Kuku wa mchuzi wa karanga anataka moto mdogo na muda mrefu, na karanga zisagwe za kukaanga, si mbichi. Kama bajeti ni ya kitabu kimoja, chukua Life in Yop City, uanze na ukurasa ule wa familia.