Pu'er mbichi ya mlima Jingmai: uzoefu wangu wa miezi minne

Kwa miezi minne nimekuwa nikinywa keki ya gramu 200 ya pu'er mbichi, yaani chai isiyovundikwa iliyokandamizwa kuwa keki, kutoka mlima Jingmai, wilaya ya Lancang, katika jimbo la Yunnan nchini China. Niseme mapema kwamba kikombe cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilikulia Tukuyu, kwenye mashamba ya chai ya Rungwe, ambako majani huchemshwa sufuriani mpaka yaishiwe na rangi. Nikakifanyia vivyo hivyo kipande cha keki hiyo, nikapata kitu kichungu kama mwarobaini.

Siku hizi nabandua gramu 6 kwa ncha ya kisu, natia katika kibirika cha mililita 100, namimina maji yaliyotoka kuchemka na kuyamwaga mara moja ili majani yafumuke. Maji yanayofuata nayaacha sekunde 10 hivi, na kila awamu naongeza kidogo. Majani yaleyale hustahimili awamu nane au tisa, jambo linalopunguza makali ya bei: nililipa shilingi 95,000 pamoja na usafirishaji.

Rangi yake ni ya asali changa na harufu yake ni ya maua, hasa katika maji ya pili na ya tatu. Uchungu hutangulia, ukifuatwa na ukakasi unaonikumbusha bibo. Kisha, ukishameza, utamu hupanda taratibu kutoka kooni na kubaki kwa dakika kadhaa. Wachina huuita huigan, yaani utamu unaorudi, na kwangu huo ndio thamani yote ya chai hii. Anayetia sukari anaupoteza.

Kilichonishangaza ni kwamba mmea wenyewe si mgeni kwetu. Ni aina ya assamica, yenye majani mapana, ambayo ndiyo asili ya sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki. Tofauti imo katika malezi na matayarisho. Kwetu mchai hukatwa usizidi kiuno na majani husagwa na kuachwa yageuke rangi, ilhali Jingmai jamii za Wabulang na Wadai zimeitunza michai ndani ya msitu, chini ya kivuli cha miti mirefu, utaratibu ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Majani hunyaushwa, hukaangwa katika karai kubwa, husokotwa, huanikwa juani, kisha hufukizwa kwa mvuke na kukandamizwa kuwa keki. Kwa kuwa ukaangaji huo hauui kila kitu ndani ya jani, chai huendelea kubadilika kwa miaka: uchungu hulainika na rangi huelekea wekundu. Wasiotaka kusubiri wana pu'er iliyovundikwa, ambayo mbinu yake ilibuniwa Kunming, mji mkuu wa Yunnan, mwaka 1973. Hiyo ni nyeusi na yenye ladha ya udongo, na sioni kama inafaa kulinganishwa na hii.

Lawama yangu ni kwa muuzaji, aliyeandika kwamba majani yalichumwa kwenye miti ya miaka elfu moja. Kwa bei ile siamini, na jani lililolowa kikombeni halisemi umri wa mti wake. Nimeipenda kwa ladha, si kwa maandishi ya karatasi.

Kosa la pili lilikuwa langu: wiki ya kwanza niliihifadhi katika kabati la viungo, ikanyonya harufu ya iliki. Sasa imo ndani ya chungu cha udongo kilichofunikwa kitambaa, na nusu iliyobaki nimeamua kutoigusa mpaka mvua za vuli zipite, nione kama ule ukakasi utapungua, ingawa kwa unyevu wa Dar es Salaam nitalazimika kuikagua kila wiki isije ikaota ukungu.