Vumbi na Mvuke katika Karakana ya Nyumbani: Ununue Nini Kwanza

Mtu anayefanya useremala wa kujifurahisha, awe kwenye kibaraza cha Tabata au kwenye banda la uani huko Goba, kwa kawaida hununua kwanza msumeno, ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao) na mashine ya msasa, na habari ya vumbi humjia pale mafua yanapokataa kuisha. Vumbi la mbao si uchafu wa kufagia tu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na hata tukiacha saratani pembeni, mbao tunazozipenda kama mninga, mvule na mpingo zinajulikana kwa kuwasha ngozi na pua na kwa kuamsha pumu kwa baadhi ya watu. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, nayo huongeza formaldehaidi, gesi inayowasha macho na pua, iliyomo katika gundi yake. Kisha hufika siku ya kupaka vanishi, na hapo tatizo hubadilika kabisa, kwa kuwa mvuke wa thina hauna punje za kuchujwa na hupita katika barakoa ya vumbi bila kizuizi.

Hakuna, basi, kifaa kimoja kinachotosha kwa yote mawili. Mpangilio ufuatao umezingatia jambo moja, nalo ni kiasi cha uchafu ambacho kila shilingi inakizuia kufika mapafuni.

Nafasi ya kwanza naipa barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya kubadilishwa. Wataalamu wa usalama kazini wataguna, maana kwa kanuni zao barakoa huja mwisho, baada ya uchafu kudhibitiwa pale unapotokea. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini inamhusu zaidi mwajiri anayejenga mfumo mzima kwa pamoja. Mnunuzi wa nyumbani hununua kidogo kidogo, na barakoa humkinga kuanzia siku ileile anayoitoa dukani. Kwa vumbi, tafuta kichujio chenye alama ya P100 au P3, na kama mfuko haujaruhusu, barakoa za kutupa za N95 au FFP2 zinafaa, mradi zisiwe zile za kitambaa wala za hospitali zinazoacha mwanya mashavuni. Kwa vanishi na thina unahitaji katriji za kaboni za mvuke wa kemikali, na usizichague kwa rangi peke yake, kwani mkanda unaozitambulisha ni wa kahawia kwa viwango vya Ulaya lakini ni mweusi kwa viwango vya Marekani. Soma maandishi ya boksi.

Ijaribu barakoa kabla ya kulipa. Ivae, kaza mikanda, ziba vichujio vyote viwili kwa viganja, kisha vuta pumzi taratibu: inapaswa kujibana usoni na kubaki hivyo, na ukisikia hewa ikipenya kandokando ya pua, chukua saizi nyingine. Mwenye ndevu ajue kwamba hakuna saizi itakayomfaa mpaka anyoe. Katriji za kaboni huendelea kunyonya mvuke na unyevu hata zikiwa zimetundikwa ukutani, na kwa hewa ya Dar es Salaam hilo si jambo dogo, hivyo zihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, na uzitupe mara unapoanza kusikia harufu ukiwa umezivaa. Rangi na vanishi za kuchanganya na hadina (kigumishi) yenye isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, ni suala lingine: barakoa hii haizitoshi, na kuzipuliza ni kazi ya kumpelekea fundi mwenye chumba maalumu.

Nafasi ya pili ni mashine ya kufyonza vumbi ya karakana, ile yenye pipa la lita 15 hadi 30, inayounganishwa moja kwa moja na mashine ya msasa au ruta. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu huangalia wati na kusahau kichujio. Mashine inayouzwa na sifongo peke yake imetayarishwa kwa kufyonza maji. Ukiipa vumbi la msasa, itameza maranda na kuutoa unga laini kwa nyuma, yaani ule hasa unaofika ndani ya mapafu. Dai kichujio cha karatasi chenye mikunjo, ikiwezekana cha daraja la HEPA, yaani kinachonasa hata unga laini kabisa, na uulize kama muuzaji anacho cha akiba na mifuko yake. Kisha ongeza ndoo yenye kifuniko cha saikloni, ambayo huzungusha hewa na kuuangusha uchafu mwingi kabla haujafika kwenye kichujio. Bila hiyo kichujio huziba upesi na nguvu ya kufyonza hupotea. Unapokwenda Kariakoo, beba mashine yako ya msasa, kwa kuwa vipenyo vya bomba havifanani na muuzaji atakuhakikishia kwamba vyote vinaingiliana. Kipande cha tyubu ya baiskeli na klipu huokoa tofauti ndogo. Jumlisha pia wati za mashine zote mbili kabla ya kuzichomeka kwenye ekstensheni moja, maana plagi ya fyuzi ya ampea 13 kwenye volti 230 haivuki wati 3,000.

Ya tatu ni feni ya kutoa hewa. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina takriban mita 32 za ujazo, na ukitaka hewa yake ibadilike mara 20 kwa saa unahitaji feni ya mita za ujazo 650 kwa saa. Chukua inayozidi hapo, kwa sababu wavu wa mbu hupunguza mkondo. Feni ifuate upepo badala ya kupigana nao, na kwa kuwa kusi na kaskazi hutoka pande tofauti, washa kijiti cha udi karibu na dirisha uone moshi unaelekea wapi kabla ya kutoboa ukuta. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa na unawaka, kwa hiyo usiupitishe kwenye mota ya kawaida: siku ya kupuliza vanishi, fanyia kazi nje.

Mashine kubwa ya kukusanya vumbi, yenye bomba la milimita 100, ni ya nne, na inamfaa tu mwenye msumeno wa meza au mashine ya randa. Uliza mfuko wake unazuia punje za hadi maikroni ngapi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ule wa 30 huliacha lipite vumbi laini, ambalo ndilo baya zaidi.

Kisafisha hewa cha ndani kinashika mkia. Kinasubiri vumbi lililokwisha kupita puani, kichujio chake huzibwa na msasa wa siku chache, na kaboni yake mara nyingi ni chache mno kwa thina. Kama tayari unacho, kiache chumba cha kulala, na fedha ya kichujio kipya uiweke kwenye katriji za barakoa.