Mashine ya kunyonya makohozi nyumbani: miezi minne na mzee mwenye trakiostomi

Naandika hii kwa yeyote anayejiandaa kumrudisha nyumbani mgonjwa mwenye mpira shingoni, maana sisi tulitafuta mtu wa kutuambia ukweli tukakosa. Mzee wangu alipata stroku, akakaa ICU wiki nyingi, wakamfanyia trakiostomi, yaani tundu shingoni la kupitishia mpira wa kupumulia. Siku ya kuruhusiwa tukaambiwa hatoki mpaka tuwe na mashine, basi nikaanza kuzunguka maduka ya vifaa tiba hapa Dar.

Wauzaji karibu wote walinisifia nguvu, eti hii inavuta mpaka 560 kwenye geji, kwa kipimo cha mmHg. Jamani nguvu siyo ya kukimbilia! Nesi alituelekeza tukae kati ya 100 na 120, ukizidisha unachubua njia ya hewa na damu unaiona mwenyewe kwenye mrija. Kwa hiyo nilichoangalia ni kile kitufe cha kuzungusha kupunguza mvuto, kikae pale ulipokiweka, na betri ya ndani. Hii niliyochukua ina vyote viwili na kwa betri kiukweli sijutii hata shilingi, umeme kwetu unakatika saa nane za usiku na makohozi hayasubiri urudi.

Mirija ya kunyonyea nunua kwa namba. Mpira wa mzee ni namba 8, yaani upana wa ndani kwa milimita, mrija wake ni 12, kipimo kingine ambacho kila 3 ni milimita moja, muuzaji alitaka kunipa 16 akidai inamaliza haraka. Nikakataa, kwa sababu mrija mnene unaziba sehemu kubwa ya njia, sasa mgonjwa apumue wapi? Usizidi nusu ya upana wa mpira. Nesi aliupima mrija kwenye mpira wa akiba akaweka alama kwa kalamu, tunaingiza mpaka hapo tu, tunaingia bila kuvuta, tunaziba tundu la pembeni la mrija kwa dole gumba wakati wa kutoka, sekunde 10 hazifiki. Mimi nabana pumzi yangu nikianza, nikiona naishiwa najua na yeye kaishiwa.

Ila mashine peke yake haitoshi, na hili nimejifunza vibaya. Wiki ya tatu usiku mzee akaanza kutoa mluzi shingoni, kifua kinapanda kwa shida, naingiza mrija unagoma, mashine inanguruma tu haitoi kitu. Dada yangu akachomoa ule mrija wa ndani ya mpira, ndani yake kuna donge limekauka, gumu, linanata kama ulimbo wa fenesi. Akaweka mrija wa ndani msafi, mzee akavuta hewa ndefu, macho yake yakatulia. Mikono yangu ilitetemeka mpaka asubuhi.

Kumbe hewa haipiti tena puani, kwa hiyo hakuna cha kuipasha joto wala kuitia unyevu, na sisi tulikuwa tunamwashia feni usiku kucha. Sasa anavaa pua bandia, kile kidude chenye sponji ndani, tunabadilisha kila siku, na nebulaiza, mashine ya kutoa ukungu wa kuvuta, ya nomo salaini (maji ya chumvi ya hospitali) kama tulivyoelekezwa. Mrija wa ndani tunauosha asubuhi na jioni na makohozi yakiwa mengi tunaongeza. Mpira wa akiba namba 8 na mwingine mdogo zaidi vimening'inia kichwani pa kitanda, hakuna ruhusa ya kuvihamisha.

Kasoro za mashine zipo. Inapiga kelele, watoto wanaamka. Kifuniko cha chupa ya makohozi kikikaa upande kidogo tu geji haipandi, mara ya kwanza nilidhani imekufa kumbe hewa inavuja pale, kwa hiyo kabla hujamgusa mgonjwa ziba mdomo wa mpira wa mashine kwa kidole uone geji inapanda. Halafu filta, usiache chupa ijae, sisi ilijaa mara moja filta ikalowa na mvuto ukaisha kabisa. Dukani wakasema filta hazipo, ngoja wiki mbili, na walipokuwa wananiuzia walisema spea zipo muda wote. Hilo limeniudhi sana, mashine ya kushika pumzi ya mtu huiuzi hivyo. Nunua filta tatu siku hiyohiyo unayonunua mashine.

Nyota nne kwa mashine, moja kwa duka. Filta nimezipata kwingine juzi, moja iko kwenye mashine, mbili nimezifunga kwenye mfuko mmoja na ile mipira ya akiba.